Hedifoni zisizo na waya na chaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tanga

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwenye meza yetu ya ufundi hapa Ngamiani, mengine kutoka kwa wenye hedifoni mkononi, mengine kutoka kwa wazazi waliosukumwa na watoto wao. Humu "hedifoni" ni zile kubwa za kuvaa kichwani, "iafoni" ni zile ndogo zinazokaa kwenye kiboksi chake, na "kichwa" ni kile kipande cha chaja kinachoingia kwenye soketi. Tumeanza na ya kawaida. Ya nadra yako chini.

## Mambo ya msingi

Naweza kusikiliza huku hedifoni ziko kwenye chaji?

Kama zenyewe zinakubali kuwaka zikiwa zimechomekwa, ndiyo. Betri iliyomo ndani ni ya lithiamu, jamii ileile ya betri ya simu ila ndogo, na simu unaitumia kila siku ikiwa kwenye chaji.

Tunachouliza sisi ni kitu kingine: unachaji kwa kutumia nini? Ukiwa umechomeka kwenye pawabenki nzuri, hatuna neno. Ukiwa umechomeka ukutani kwa kichwa ulichookota barazani kwa bei ya chapati na chai, soma kwanza sehemu ya "Usalama". Hatari nyingi tunazoulizwa hazianzii kwenye hedifoni, zinaanzia ukutani.

Mbona zangu zinazima nikichomeka tu waya?

Zimetengenezwa hivyo, hazijaharibika. Ndani kuna chipu inayosimamia chaji. Kwenye hedifoni zinazokubali kusikilizwa wakati wa kuchaji, chipu hiyo inagawa umeme unaoingia: sehemu inaendesha sauti na Bluetooth, inayobaki inajaza betri, kama simtanki linalojazwa huku bomba la jikoni liko wazi. Chipu rahisi haina mgawanyo huo. Haiwezi kutofautisha umeme unaoingia betrini na unaonyonywa na spika, kwa hiyo haijui kwa uhakika betri imejaa lini. Mtengenezaji anaona heri azime kila kitu mpaka uchomoe waya.

Usidhani ni za bei ndogo pekee. Sony WH-1000XM4 si za kununua kwa hela ya mboga, na bado mwongozo wake unasema haziwaki wakati wa kuchaji. AirPods Max za Apple zinakubali. Bei haikuambii chochote hapa. Kampuni nyingine zinakataza kwa sababu ya joto, nyingine hazitaki kelele za umeme ziingie kwenye sauti, na nyingine, kwa maoni yetu, zinaogopa kushtakiwa tu.

Nitajuaje kabla sijatoa hela?

Mwambie muuzaji aziwashe, apige sauti yoyote kutoka kwenye simu, kisha achomeke waya wa chaji mbele yako. Zikiendelea, umepata jibu. Zikizima, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache waya ukiwa bado umo, maana ziko zinazozima kwanza halafu zinakubali kuwashwa tena. Muuzaji akikujibu "zinakubali hizo, usijali" bila kuchomeka, naye hajui.

Angalia pia kama zina tundu la waya wa AUX. Hedifoni nyingi zenye tundu hilo hupitisha sauti kwa waya hata betri ikiwa imekufa kabisa, na hilo peke yake linamaliza shida ya watu wengi wanaotuuliza habari za chaji.

Na iafoni ndogo za kwenye kiboksi?

Hizo haziwezekani. Zinapata umeme kupitia vile vidoa vya shaba vilivyomo kwenye kiboksi, na ukizitoa tu kwenda masikioni zimeachana na chaji. Unachoweza kufanya ni kuvaa moja huku nyingine inajazwa, kisha unabadilishana. Iafoni nyingi za siku hizi zinakubali kusikilizwa moja moja, na dakika 15 kwenye kiboksi kwa kawaida zinakupa saa moja ya kusikiliza au zaidi.

Kiboksi chenyewe kikiwa kwenye chaji na iafoni ziko masikioni hakuna tatizo lolote. Hakuna waya unaokugusa.

Nikisikiliza, chaji inachelewa kujaa?

Kidogo mno. Chukua hedifoni zenye betri ya 700 mAh (yaani miliampia-saa, kipimo cha ujazo wa betri) zinazodumu saa 30: maana yake zinakula miliampia 23 hivi. Chaja inazipelekea pengine miliampia 350. Ukitoa 23 kwenye 350 hutaona tofauti. Chaji ya saa mbili itaongezeka dakika nane, tisa. Ukiona zinachelewa sana, au asilimia hazipandi kabisa, usiilaumu sauti. Tazama waya na kichwa.

## Usalama

Zinaweza kulipuka nikiwa nimezivaa?

Inawezekana, lakini ni nadra. Tarehe 19 Februari 2017, abiria mmoja kwenye ndege ya kutoka Beijing kwenda Melbourne alisinzia na hedifoni zake, akaamshwa na mlio wa mlipuko. Alizivua akazitupa chini zikitoa cheche, na wahudumu wakaishia kuzitia kwenye ndoo ya maji. Mamlaka ya usalama wa usafiri ya Australia ilisema yaelekea betri ndizo zilizoshika moto. Hedifoni zile zilikuwa zikitumia betri zake tu, hazikuchomekwa popote. Betri mbovu haingojei waya.

Hata hivyo, wakati wa kuchaji ndipo betri yenye kasoro hujitokeza zaidi, kwa sababu umeme unasukumwa ndani na joto linapanda. Betri halali ina kibao kidogo cha kinga kinachokata umeme ukizidi. Kwenye hedifoni za kuigiza tunazofungua hapa, mara nyingine kibao hicho hakipo kabisa, waya mbili zimeunganishwa moja kwa moja. Jina kubwa lililobandikwa nje halikulindi. Hizo ndizo za "waja leo, waondoka leo".

Dalili za kukufanya uchomoe mara moja: kikombe kimoja cha sikio kina joto kuliko mwenzake, harufu tamu au kali usiyoijua, plastiki imeanza kuachana kwenye maungio, au sauti ya kufoka. Ukiona moshi, zima umeme kwenye swichi ya ukutani kwanza, kisha mwagia maji mengi au zipeleke nje kwenye sakafu tupu. Usizitupe chini ya kitanda.

Naweza kupigwa na shoti masikioni?

Hapa tunaomba usome hadi mwisho.

Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230. Hedifoni zinahitaji volti 5. Kazi ya kichwa ni kushusha, na pia kuzitenga pande mbili kabisa, ili hata kitu kikiharibika volti 230 zisipate njia ya kushuka kwenye waya. Utengano huo unafanywa na transfoma ndogo na nafasi iliyoachwa kati ya upande wa ukutani na upande wako. Kwenye kichwa kizuri ukikipasua utaona nafasi hiyo, wakati mwingine ubao umekatwa ufa katikati. Kwenye vya bei ya kutupa, nyaya za pande zote mbili zinakaribiana kama ndugu kitandani. Kikishaingia unyevu wa pwani na vumbi, au transfoma ikishaungua ndani, volti 230 zinaweza kufika mwisho wa waya. Mwisho wa waya ni sikio lako, na ngozi yenye jasho inapitisha umeme kirahisi kuliko ngozi kavu.

Hedifoni zisizo na waya zina nafuu moja: nyingi ni plastiki na sponji, chuma hakikugusi sana. Iafoni za waya zilizochomekwa kwenye simu iliyo kwenye chaji ndizo mbaya zaidi, maana kuna njia ya shaba tupu kutoka kwenye chaja mpaka ndani ya sikio. Anayeogopa kusikiliza hedifoni za Bluetooth kwenye chaji lakini analala na iafoni za waya kwenye simu inayochajiwa, hofu yake ameiweka mahali sipo.

Kichwa cha kuaminika kina uzito fulani mkononi na miguu isiyocheza. Kina maandishi yanayosomeka ya volti 100 hadi 240, na alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, ambayo maana yake ni kinga mbili. Alama inaigizwa, uzito si rahisi kuuigiza. Ukitumia kilichokuja na simu yako halisi, umemaliza kazi. Na usivae kitu chochote kilichochomekwa ukutani ukiwa umetoka kuoga, au miguu iko kwenye sakafu yenye maji.

Nahisi mtekenyo nikigusa chuma cha hedifoni zikiwa kwenye chaji. Ni shoti?

Mara nyingi hapana. Vichwa vingi vya miguu miwili, hata vizuri, huvujisha umeme kidogo sana kupitia kipuri kinachopunguza kelele ndani yake, na ukipitisha kidole juu ya chuma unahisi kama kinatetema. Geuza kichwa kwenye soketi au tumia kingine. Mtekenyo ukibaki mdogo vilevile, haukudhuru. Ukiwa wa kukushtua mpaka ukatupa hedifoni, kichwa hicho kiweke pembeni na usimpe mtu mwingine.

Mionzi inaongezeka zikiwa kwenye chaji?

Haiongezeki. Redio ya Bluetooth hufanya kazi kwenye masafa ya gigahezi 2.4 kwa nguvu ya miliwati chache, na nguvu hiyo haibadiliki kwa sababu umechomeka waya. Simu yenyewe ikitafuta mtandao huko Amboni inatoa nguvu nyingi zaidi ya hapo.

Vipi kulala nazo zikiwa kwenye chaji? Nasikiliza mawaidha mpaka daku.

Tunakushauri usifanye hivyo, na chaji ndiyo sababu ndogo kati ya zote. Ukilala huwezi kuhisi joto linapopanda wala harufu inapoanza, mto unazuia hewa, na waya unaweza kukuzunguka shingoni ukijigeuza. Weka simu kwenye spika yake kwa sauti ya chini, au washa kipima muda cha kuzima, kisha hedifoni zichajie mezani.

Mwanangu anasoma masomo ya mtandaoni nazo zimechomekwa mchana kutwa. Nimzuie?

Kama unachaji kwa kifaa cha kuaminika, kinachotusumbua ni masikio. Betri inapokwisha ndipo mtoto anapumzika. Ukimwekea waya umemwondolea pumziko hilo. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli zisizozidi 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Simu nyingi zina kikomo cha sauti kwenye mipangilio. Kiweke, kisha mtoto avue hedifoni kila kipindi kinapoisha.

## Betri na joto la hapa kwetu

Kusikiliza wakati wa kuchaji kunaua betri?

Tendo lenyewe haliui. Joto ndilo linaloua. Betri za lithiamu zinachajiwa kwa usalama kati ya nyuzi 0 na 45 za Selsiasi, na kadiri unavyokaribia juu ndivyo zinavyozeeka haraka. Kuanzia Desemba hadi Machi, chumba cha bati bila dari hapa Tanga mchana kinaweza kukufikisha nyuzi 35 kabla hujachomeka chochote. Ongeza joto la chaji, ongeza joto la kichwa cha mtu aliyevaa sponji masikioni, na umekaribia mpaka.

Kwa hiyo chaji asubuhi au usiku, karibu na dirisha au feni. Usichajie juu ya dashibodi ya gari lililofungwa vioo juani. Mle ndani nyuzi 60 zinapita bila taabu, na hakuna betri inayopenda hivyo.

Nikiziacha zimechomekwa siku nzima ofisini?

Betri ikifika volti 4.2 chaji inakatwa, haijazwi kupita kiasi. Lakini kukaa imejaa pomoni kwa wiki nyingi kunaichosha. Zikishafika asilimia 80 au 90, chomoa. Betri hizi kwa kawaida zina mizunguko 300 hadi 500 ya kujaa na kuisha kabla hazijaanza kupungua waziwazi, na robo iliyojazwa ni robo ya mzunguko, si mzunguko mzima. Wanaosema umalize chaji mpaka sifuri ndipo uchaji wanazungumzia betri za enzi za nyuma.

Betri imevimba. Naweza kuitoboa hewa itoke?

Usiitoboe! Ile ni hewa inayowaka. Usichaji, usibane, usitupe jalalani wala kwenye moto wa taka. Ilete kwa fundi ikiwa ndani ya chombo cha bati au udongo, ibadilishwe.

## Vichwa, nyaya na umeme

Kichwa cha simu yangu ni cha wati 33. Hakitaziunguza?

Hakitaziunguza. Namba ile ni kiasi kinachoweza kutolewa kikiombwa. Kichwa halali huanza na volti 5 na hakipandi mpaka kifaa kiombe, na hedifoni haziombi. Zitavuta nusu ampia au chini ya hapo hata ukizichomeka kwenye kichwa cha wati 65. Kinachounguza ni kichwa cha kuigiza kinachotoa volti zisizotulia, hata kikiandikwa wati 5.

Waya wa taipu-C pande zote mbili hauingizi chaji, ila ule wa zamani unaingiza. Kwa nini?

Swali hili limeongezeka, na wengi wanakuja wakiwa wameshaambiwa tundu limekufa. Kichwa chenye tundu la taipu-C hakitoi umeme mpaka kione upande wa pili kuna resista za ohm 5,100 zinazokitambulisha kwamba kuna kifaa. Watengenezaji wa hedifoni za bei ndogo wanaruka kuzipachika ili kubana senti. Matokeo yake kichwa kinasubiri na hedifoni zinasubiri. Waya wenye USB pana upande mmoja hauna masharti hayo, volti 5 ziko wazi muda wote, ndiyo maana unafanya kazi.

Dawa ni kutumia waya huo wa USB pana kwa taipu-C. Hakuna kilichoharibika. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya unalazimisha hedifoni na iafoni mpya zinazouzwa huko ziwe na taipu-C, hivyo tundu hili utakutana nalo zaidi, la kweli na la kuigiza.

Pawabenki inazima baada ya dakika chache. Hedifoni mbovu?

Pawabenki nyingi hujizima zikiona kinachonyonywa ni kidogo mno, zikidhani umechomoa. Hedifoni zikikaribia kujaa, au kiboksi cha iafoni, huwa chini ya kiwango hicho. Baadhi zina hali ya chaji ndogo, ambayo kwa aina kadhaa inawashwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili haraka. Kama yako haina, chomeka na simu kwenye tundu la pili ili ibaki macho.

Umeme ukikatika na kurudi ghafla, hedifoni zitaungua?

Pigo linafika kwenye kichwa kwanza, na kichwa kizuri kinakufa bila kupitisha. Kibovu kinakufa nazo. Umeme ukikatika, chomoa, kisha ngoja dakika chache baada ya kurudi ndipo uchomeke. Uzuri wa hedifoni ni kwamba zina betri, kukatika hakukukatizi mechi ya Coastal Union. Kama unazivaa wakati huo, zaidi bado: vua waya kwanza.

Naweza kuchaji moja kwa moja kwenye paneli ndogo ya sola?

Wingu likipita volti zinashuka, likiondoka zinapanda, na hedifoni zitakuwa zinaanza na kukata chaji mfululizo. Jaza pawabenki kwa sola, kisha hedifoni kwa pawabenki.

Zinakula Luku?

Betri ya 700 mAh ni kama wati-saa 2.6, ukiweka na hasara ya kichwa, sema 4. Uniti moja itakujazia hedifoni mara 250 hivi.

## Sauti

Nikiwa nimechomeka chaji nasikia mvumo. Unatoka wapi?

Kwanza jua unasikiliza kwa njia gani. Kama ni kwa waya wa AUX kutoka kwenye kompyuta au mikisa, na kompyuta nayo iko ukutani, umetengeneza mzunguko: umeme unaingia kwenye hedifoni kupitia chaja na unarudi kupitia waya wa sauti. Mvumo ni sauti ya mzunguko huo. Chomoa kompyuta itumie betri yake, au hedifoni zichajie kwenye pawabenki, na mvumo utakwisha papo hapo. Vijana wanaorekodi kaswida nyumbani wanaijua adha hii vizuri.

Kama unasikiliza kwa Bluetooth hakuna mzunguko wa namna hiyo, kwa hiyo mvumo unatoka ndani: chipu ya chaji inachafua sauti. Jaribu kichwa kingine, au pawabenki. Huko ukinyamaza, kichwa cha kwanza ndicho kibovu. Usiponyamaza popote, ni muundo wa hedifoni zenyewe na hakuna fundi atakayeutoa.

Nikichajia kwenye kompyuta, sauti inakatakata.

Yaelekea umechomeka kwenye tundu la USB 3, mara nyingi lenye rangi ya buluu. Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba USB 3.0 inapopitisha data hutoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Bluetooth. Kama kuna fleshi au diski inanakili mafaili jirani, ndiyo hiyo. Hamia tundu jingine, au tumia waya mrefu zaidi.

## Bahari, jasho na safari

Zimeingia jasho, au nimezivaa ufukweni Raskazone. Naweza kuchaji?

Zikiwa na unyevu, hapana. Umeme ukipita kwenye chumvi yenye maji unakula shaba ya tundu kwa kasi. Ile kutu ya kijani unayoiona ni kazi hiyo. Futa kwa kitambaa kikavu, ziache hewani kwa saa kadhaa, kisha safisha vidoa vya shaba kwa pamba yenye spiriti kidogo. Zikizama baharini, zisuuze kwa maji ya bomba kwanza kabla ya kukausha, maana chumvi ikibaki ndani itaendelea kula. Kuzifukia kwenye mchele kunaongeza unga ndani ya tundu, basi.

Usitegemee maandishi ya IPX4 au IPX7. La kwanza ni marasharasha ya maji, la pili ni kuzama mita 1 kwa dakika 30 kwenye maji baridi, yasiyo ya chumvi. Hakuna kati ya hayo linalozungumzia hedifoni zikiwa zimechomekwa.

Natoka stendi ya Kange kwenda Dar. Nichomeke kwenye tundu la USB la basi?

Unaweza. Ni volti 5 zilizoshushwa kutoka kwenye umeme wa gari, hatari ya ukutani haipo. Shida ni matundu yaliyolegea: chaji inaingia na kukata kila shimo la barabara, na hedifoni zinazozima zikiona chaji zitakuchosha kabla ya Segera. Chaji nyumbani ukijiandaa, au tumia pawabenki mfukoni.

Na nikiwa kwenye pikipiki, pawabenki mfukoni, hedifoni kichwani?

Kwa umeme, salama. Kwa barabara ya Kange hadi Chumbageni, hapana. Dereva wa bodaboda na mwendesha baiskeli, na Tanga baiskeli ni nyingi, wanahitaji masikio yote mawili.

Fundi anaweza kunibadilishia zangu zikubali kusikilizwa kwenye chaji?

Tukiombwa tunakataa. Njia pekee ya haki ni kubadilisha ubao mzima, na hapo ununue mpya tu. Wanaofanya kwa mkato wanaunganisha betri moja kwa moja na ubao wa sauti, na kwa kufanya hivyo wanairuka ile kinga tuliyoitaja kwenye swali la kulipuka. Zitawaka kwenye chaji, kweli, na hazitajua pa kuacha.

Kinachowezekana, na kwa wengi ndicho walichokihitaji tangu mwanzo, ni betri mpya. Anayetaka kusikiliza akiwa kwenye waya mara nyingi ni yule ambaye betri yake haitunzi chaji tena. Leta ya zamani tusome maandishi: volti 3.7, mAh zilezile au zinazokaribia, ukubwa unaoingia kwenye nafasi yake, na kibao cha kinga kiwe juu yake. Betri isiyo na kibao hicho hatuifungi hata ukileta mwenyewe.